Mkono haukufika sikioni: ufupi, udumavu na jinsi mtoto anavyojiona

Sisi tulioandikishwa shule Newala, mkoani Mtwara, enzi ambazo cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watu wa mjini tunalikumbuka jaribio la sikio. Unasimama mbele ya mwalimu, unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, unatafuta sikio la kushoto. Vidole vikiligusa, umri umetimia. Visipoligusa, rudi nyumbani ukakue. Mimi nilirudishwa mara mbili. Mara ya pili mama alibisha, akasema huyu kazaliwa msimu mmoja na mtoto wa jirani, na huyo wa jirani umeshamwandika. Mwalimu akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akacheka. "Mama, hiki bado kifaranga." Niliandikishwa mwaka uliofuata, na jina nalo likaandikishwa. Nikawa Kifaranga mpaka darasa la saba.

Nimemkumbuka Kifaranga juzi, baada ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kule nyumbani. Watoto walipimwa uzito na kimo, wahudumu wakasema kadhaa kati yao wamedumaa. Jioni kijiweni hakukuwa na habari nyingine. Mzee mmoja alikuwa amekasirika kabisa: "Baba yangu mfupi, mimi mfupi, hawa wajukuu walitaka warefukie kwa nani? Ukoo wetu ndio huu." Kijana mmoja akadakia kwamba udumavu ni wa akili, ndiyo maana shule zetu hazifaulishi. Mama anayekaanga mihogo pembeni, bila hata kuinua macho kwenye karai, akamaliza: "Watoto wamebemendwa hao. Wazazi wenyewe wanajua."

Ndani ya dakika kumi nilipata maelezo matatu, na kila moja lina chembe ya ukweli iliyofunikwa na mkanganyiko. Nimejaribu kuyafumua.

Maneno yenyewe

Ukuaji ni mwili kuongezeka: kilo, sentimita, meno. Makuzi ni mtoto kuongezeka uwezo: kukaa, kutembea, kusema, kucheza na wenzake, kujua kuwa yeye ni yeye. Vinakwenda pamoja lakini si kitu kimoja. Mtoto anaweza kunenepa vizuri huku maneno yanachelewa, na mwingine mdogo wa umbo akawa anakupigia hadithi tangu alfajiri.

Ukondefu ni mtoto kuwa mwembamba mno kwa kimo chake. Huja haraka, pengine baada ya wiki chache za kuharisha au njaa, na unaonekana kwa macho. Ule utepe wa rangi unaozungushwa mkononi ndio unaousaka: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 unaangukia kwenye nyekundu, na hapo hakuna kusubiri kesho.

Udumavu ni mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake. Huja polepole na haushtui mtu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu, anacheka, anacheza, ila ana miaka mitatu na watu wanadhani ana miwili. Ndiyo maana mama anaweza kukasirika kwa haki anapoambiwa mwanawe amedumaa: yeye haoni ugonjwa wowote.

Ufupi ni ufupi tu. Kuna watu wafupi wenye afya njema, kama walivyopo warefu wagonjwa.

Halafu kuna kujithamini, neno linalotumika sana redioni siku hizi. Kwa lugha ya nyumbani ni jibu ambalo mtoto anajipa kimya kimya anapojiuliza: mimi nina thamani au sina? Sehemu ya jibu hilo inatoka kwenye mwili wake, anavyouona na anavyodhani wengine wanauona. Nitarudi hapo, maana ndipo hasa nilipotaka kufika.

Je, ukoo unahusika?

Unahusika. Wataalamu wana hesabu yao rahisi ya kukisia mtoto atafikia wapi: jumlisha kimo cha baba na cha mama, gawa kwa mbili, kisha ongeza sentimita 6.5 kama ni mvulana au punguza 6.5 kama ni msichana. Baba wa sentimita 165 na mama wa 153 wanapata wastani wa 159, kwa hiyo mvulana wao anaelekea 165 na nusu hivi, msichana 152 na nusu. Ni makisio, na mtoto anaweza kuzidi au kupungukiwa kwa sentimita kama nane hivi. Wazazi hao wasitegemee mchezaji wa mpira wa kikapu.

Ila ukoo hauwezi kubebeshwa kila kitu, na sababu iko kwenye namna ule mstari wa udumavu ulivyochorwa. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto zaidi ya 8,000 katika nchi sita zilizotofautiana sana: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto waliolelewa vizuri, walionyonya, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Ikaonekana kwamba katika miaka mitano ya kwanza watoto wa nchi hizo wanakua karibu sawasawa. Mtoto wa Accra anayekula vizuri hakuachwa nyuma na wa Oslo. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2006 vimetoka hapo, na ndivyo vilivyo kwenye kadi za kliniki zetu. Mvulana wa miaka mitano anatarajiwa kuwa na sentimita 110 hivi, na anahesabiwa kuwa amedumaa akiwa chini ya 101 kwa makadirio. Msichana wa umri huo, chini ya 100.

Sasa chukua watoto mia moja wenye afya, wa umri mmoja, wapange foleni kwa kimo. Wawili au watatu wa mwisho watakuwa chini ya mstari hata kama hawana tatizo lolote. Hao ndio wafupi wa ukoo. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto mia wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, thelathini wako chini ya mstari. Miaka saba hivi kabla ya hapo walikuwa thelathini na wanne. Toa wale watatu wa ukoo. Hao ishirini na saba waliobaki ni wa nini?

Kwa hiyo mzee wa kijiweni anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mjukuu wake mmoja, na bado akawa amekosea kuhusu kijiji. Tena nilitamani kumwambia jambo moja zaidi, nikanyamaza kwa heshima. Huenda ufupi wake yeye mwenyewe na wa baba yake ulianzia mezani pia. Mama aliyedumaa utotoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa kichanga kidogo, na kichanga kidogo kina uwezekano mkubwa wa kudumaa. Njaa ya miaka hiyo inaweza kupokezana vizazi viwili vitatu, ikaja kuitwa ukoo.

Fundi na mifuko ya saruji

Mtu akiniuliza udumavu unatokeaje, namwambia amfikirie fundi muashi. Umemwita ajenge nyumba, umemwahidi mifuko hamsini ya saruji, inakuja thelathini. Fundi mwerevu hajengi nyumba kubwa isiyo na paa. Anapunguza ramani: vyumba vidogo, ukuta mfupi, lakini nyumba inasimama. Ukileta mifuko ishirini baada ya lenta kufungwa, atapiga plasta nzuri, atamwaga sakafu, ila chumba hakipanuki tena.

Mwili wa mtoto unafanya vivyo hivyo. Wakati wa msingi ni siku 1,000: siku 270 za ujauzito, pamoja na miaka miwili ya mwanzo. Kichanga huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na kabla ya kutimiza mwaka wa pili ameongeza zaidi ya 30. Kasi hiyo hataipata tena maishani, hata kwenye kubalehe. Ubongo nao katika miaka hiyo miwili unafikia zaidi ya robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Mifuko inapoteaje? Hapa kwetu ina njia zake. Mama anaingia shamba asubuhi, mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake wa miaka tisa na chupa ya uji wa muhogo. Muhogo unashibisha, siutukani, nimekulia huo. Lakini protini yake ni kidogo mno, na tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama robo lita tu kwa mlo mmoja. Robo lita ya uji mwepesi ni maji yenye jina zuri. Uji huo huo ukitiwa karanga zilizosagwa au dagaa wa unga, habari inabadilika, na vitu hivyo havitoki mbali. Mkoa unaolima mbaazi, kunde, karanga, njugu mawe na ufuta, wenye samaki Mikindani na Kilwa upande wa Lindi, hauna sababu ya kumnyima mtoto vitu vya kujengea mwili. Wakati mwingine chakula kimo ndani kabisa, kinasubiri mnada. Na hela ya korosho ikiingia kati ya Oktoba na Desemba inakwenda kwenye bati na pikipiki, kisha Februari jiko linapoa. Nimeona mayai yanapakiwa trei kwa trei kwenda kuuzwa mjini na muuzaji anamlisha mwanawe uji mweupe. Nikiuliza naambiwa mtoto akila yai atachelewa kusema, au mjamzito akila atazaa mtoto asiye na nywele. Hakuna kitu kama hicho. Yai ni mfuko wa saruji.

Njia ya pili ni choo na maji. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji yamekuwa shida tangu enzi, na maji yakiwa ya kununua, kunawa mikono ndiko kunakokatwa kwanza. Mtoto anayeharisha mara kwa mara anapoteza chakula alichokula, na utumbo wenyewe unachakaa ukashindwa kufyonza hata kile kizuri anachopewa. Unaweza kumlisha vizuri na bado asikue.

Njia ya tatu wengi hawaijui: chumvi. Tunavuna chumvi hapa hapa pwani, na wengi wanaamini kwamba kwa kuwa imetoka baharini ina kila kitu. Chumvi ya bahari ina madini joto kidogo sana. Yanayotosha ni yale yanayoongezwa kiwandani. Mjamzito akikosa madini joto anayeumia kwanza ni ubongo wa mtoto aliye tumboni, muda mrefu kabla ya rovu kuonekana shingoni kwa mtu. Ile chumvi ya mawe ya bei rahisi inayopimwa kwa kopo, ulizeni kama imewekwa madini joto.

Kubemenda

Najua mama wa mihogo hatapenda nikilipita hili. Imani ni kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto ananyonya, na hasa mmoja akitoka nje ya ndoa, mtoto anabemendwa: miguu inakosa nguvu, anakonda, anachelewa kutembea.

Kitendo chenyewe hakiharibu maziwa, kwa kuwa hakuna njia ya mbegu za baba kufika kwenye titi. Lakini wazee walikuwa wameona kitu. Mama akishika mimba mtoto akiwa na miezi sita, mara nyingi anamwachisha ziwa, chakula cha kuziba pengo hakipo, na mwili wake mwenyewe haujapumzika. Mtoto huyo kweli atadhoofika. Ushauri wa afya wa leo, wa kusubiri walau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, unalinda kile kile kilicholindwa na mwiko.

Ubaya wa imani hii uko kwenye aibu inayoleta. Mama anayeogopa kuambiwa "umembemenda" hampeleki mtoto kliniki. Anamfunika kanga, anangoja usiku, anakwenda kwa mganga. Wiki zinapita, na ukondefu ambao ungetibika bila kulazwa unakuwa wa kulaza.

(Kuhusu ile ya kumruka mtoto aliyelala, kwamba hakui mpaka urudi umruke tena: mimi mwenyewe bado narudi. Haina ukweli wowote, lakini mguu umezoea.)

Mwili mdomoni mwa watu

Twende kwenye lile jingine. Mtoto anajuaje kwamba ana mwili wa namna fulani?

Wanasaikolojia wana mchezo wao wa kioo. Wanampaka mtoto alama usoni bila yeye kujua, wanamweka mbele ya kioo. Mtoto wa mwaka mmoja anaona rafiki. Akikaribia mwaka na nusu hadi miwili, watoto wengi wa Ulaya na Marekani wanagusa uso wao wenyewe. Ikasemwa basi, hapo ndipo mtoto anapojijua. Kisha mchezo huo ulipofanywa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto waliokuwa wakubwa kuliko hao, wengi wao walisimama kimya, hawakugusa kitu. Je, hawajijui? Mtu yeyote aliyelea mtoto wa kijijini anajua jibu: mgeni kanipaka kitu usoni, watu wazima wananitazama, nasubiri niambiwe la kufanya. Watafiti wenyewe waliona kuwa ni adabu na malezi.

Kwa mtoto wetu kioo cha kwanza ni midomo ya watu. Mwaka 1902 Mmarekani Charles Cooley aliandika kwamba tunajiona kwa kukisia wengine wanatuonaje, kisha tunaona fahari au haya kwa hicho tulichokisia. Angekaa kijiweni Newala siku moja angepata mifano ya kutosha. Kimbaumbau. Bonge. Mlingoti. Kipipa. Mbilikimo. Kifaranga. Utani ni chakula chetu, na sisemi ukomeshwe, tutabaki na nini. Lakini mtani anakutania leo nawe unamjibu kesho. Mtoto anayeitwa jina la mwili wake na mwalimu, au na baba mkubwa mbele ya wageni, hana wa kumjibu.

Bibi yangu alikuwa na nembo usoni, zile chale za Kimakonde, na tundu la ndonya, lile pambo la kuchomekwa, kwenye mdomo wa juu. Kijijini alikuwa mwanamke aliyekamilika; alituambia wasichana wa wakati wake walilia kwa maumivu na kwa fahari kwa pamoja. Alipokuja Dar es Salaam kutibiwa macho, watoto wa mtaani Kariakoo walimfuata wakimshangaa, na shangazi akaanza kumfunika mtandio mpaka puani. Uso haukubadilika hata kidogo njiani. Aliporudi alikuwa mtu wa kujifunika, mpaka kifo chake. Kama mwanamke wa miaka sabini na zaidi aliweza kufundishwa aibu ndani ya wiki tatu, mtoto wa miaka saba atachukua muda gani?

Kuna kosa jingine la watu wazima, na hili halina nia mbaya hata kidogo. Tunasoma umri kwenye kimo, kama mwalimu wangu na sikio. Mtoto mfupi anafanywa mdogo: anabebwa mgongoni wakati wenzake wanatumwa dukani, anasemeshwa kitoto, anasamehewa kazi. Kila siku anapoteza nafasi ndogo ya kujua kwamba anaweza. Mkubwa wa umbo naye anabebeshwa umri asio nao. Ana miaka sita, kaanguka, analia, na watu wanamwambia "jitu zima linalia!" Wote wawili wanajibiwa maswali ya mwili, na umri wao halisi hakuna anayeuuliza.

Hapo ndipo jibu la yule kijana wa "udumavu ni wa akili". Ni kweli kwamba watoto waliodumaa, kwa wastani, wanapata shida zaidi darasani, kwa sababu kilichokosa mwilini kilikosa na kichwani, na kwa sababu hawachokozwi akili. Lakini wastani haumhukumu mtoto mmoja. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa maziwa ya ziada, wengine walitembelewa na mhudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka miwili, akimfundisha mama kucheza na mtoto kwa midoli iliyotengenezwa nyumbani. Wengine walipata vyote, wengine hawakupata kitu. Walipofikia miaka 17 na 18, wale waliochezewa walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, huzuni ndogo zaidi, na walijithamini zaidi. Miaka mingine michache baadaye walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko waliodumaa wenzao wasiochezewa. Michezo haikuwarefusha. Walibaki na vimo vyao, wakawa watu wengine.

Kwetu hilo halihitaji mradi. Kopo la maziwa lenye kokoto ndani, gari la mabua, mama anayetaja majina ya vitu akiwa anamenya muhogo. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi.

Kubalehe na unyago

Ukipita shule ya msingi yoyote Masasi au Nachingwea ukaangalia darasa la sita, wasichana wamewapita wavulana. Si ajabu wala si dawa. Wasichana huanza kubalehe popote kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, na kasi kubwa ya kurefuka kwa wasichana inatangulia kwa miaka kama miwili. Msichana akishavunja ungo huwa amebakiza sentimita chache tu. Mvulana aliyekuwa mfupi darasa la sita anaweza kurudi kidato cha pili akiwa ameota kama mnazi. Watoto wanaotaniwa zaidi umri huu ni wawili: msichana aliyewahi na mvulana aliyechelewa.

Unyago na jando ni mahali ambapo jamii yetu iliamua kuuzungumzia mwili badala ya kuunyamazia, na mimi sijiungi na wanaousema vibaya wote kwa jumla. Mwali anaambiwa mwili wako una maana, kuna watu nyuma yako, anatolewa kwa ngoma na nguo mpya. Ni wangapi duniani wanapata hilo? Shida ninayoiona ni umri. Siku hizi wanaingizwa wakiwa wadogo mno, mara nyingi kwa sababu korosho imelipa mwaka huu au kwa sababu kifua kimeanza kuota. Mtoto wa miaka tisa anaambiwa "umeshakua" na kila mtu, hadi wanaume wa barabarani wanaanza kuamini. Kuota kwa kifua ni mwanzo wa safari. Hedhi yenyewe kwa kawaida huja miaka miwili au zaidi baadaye, na ubongo unaendelea kukomaa mpaka umri wa miaka ya ishirini na kitu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, kifua kiwe kimeota au hakijaota.

Kwenye ubao wa kupimia

Nilimsindikiza binti yangu kliniki na mwanawe wa miezi kumi na minane. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, kwa hiyo walimlaza kwenye ubao, kichwa kikagusa upande mmoja. Muuguzi akabonyeza magoti taratibu yanyooke, akasogeza kibao mpaka nyayoni. Mjukuu wangu akarusha teke. "Shika magoti, mama. Sabini na saba." Halafu akaangalia kadi, akaonyesha kwa kalamu nukta za nyuma. "Unaona, hapa alikuwa anapanda vizuri. Kuanzia miezi tisa anajilaza. Alikuwa anakula nini?" Hakusema amedumaa, hakusema mdogo. Aliuliza anakula nini, mara ngapi, aliharisha lini. Binti yangu akajibu bila kuinamisha kichwa. Nilipenda sana.

Mtoto akishapita miaka mitano kadi inawekwa darini na hakuna anayempima tena, ilhali mwili bado unakwenda. Nyumbani unaweza kumsimamisha ukutani bila viatu, visigino vikigusa, ukaweka alama ya mkaa kila mwaka. Kuanzia miaka minne mpaka kubalehe, mtoto huongeza sentimita tano au sita kwa mwaka. Akiongeza chini ya nne kwa mwaka, mwone daktari. Mwone pia kama mtoto aliyekuwa wa katikati kati ya wenzake anazidi kurudi nyuma, kama msichana ametimiza miaka 13 bila kuota matiti, au mvulana 14 bila dalili yoyote ya kubalehe. Baadhi ya sababu zinatibika, lakini si baada ya mifupa kufunga. Mkienda, mtoeni chumbani mtoto wakati mnaeleza wasiwasi wenu, kisha mrudisheni aulize ya kwake. Na bebeni ile kadi ya zamani ya kliniki hata kama imechanika na panya wameionja pembeni, maana daktari atataka kuona mstari ulianza kujilaza lini.